Mpira wa intakula umepasuka: mwongozo kamili wa kuchagua mwingine

Gari likikosa nguvu mlimani, moshi mweusi ukafuka nyuma, na chini ya boneti ikasikika sauti kama ya mtu anayepuliza chai ya moto, wengi huwaza kwamba tabo, ile mashine inayobana hewa ya injini, imekufa. Mara nyingi tabo ni nzima. Kilichokufa ni mpira unaopeleka hewa kwenye intakula, yaani kipoza-hewa, au ule unaoitoa huko kwenda kwenye injini.

Mimi yalinikuta mlima Kitonga, na Hilux Vigo ya 3.0 yenye injini ya 1KD-FTV, nyuma nimepakia saruji na mabati ya nyumba ya mzee kule Iringa. Katikati ya mlima ikasikika "pu!", nikakanyaga mafuta mpaka mwisho na gari halina habari. Mpira ule niliubadilisha mara tatu ndani ya mwaka mmoja kabla sijaacha kununua kwa macho. Mengi ninayoandika hapa yametokana na mipira ile mitatu. Mengine nimeyapata kwa jamaa zangu wenye Subaru Forester za tabo, ambazo nazo zina visa vyake.

Hewa inapita wapi, na kwa nguvu gani

Tabo hunyonya hewa kutoka kwenye ea klina (chujio la hewa), huibana, kisha huisukuma mbele. Hewa ikibanwa hupata moto. Chukua mchana wa Dar es Salaam: hewa ya nje ina nyuzi 32, tabo ya kawaida inaibana kwa bari 1 juu ya presha ya nje. Hewa hiyo inatoka na nyuzi 120 na ushei. Gari likiwa na mzigo mlimani huzidi hapo. Intakula inaipoza ili iwe nzito na iingie nyingi kwenye silinda.

Kwa hiyo kuna mipira ya aina tatu kwa kazi, na usiichanganye dukani. Wa kwanza ni wa kunyonya, kutoka ea klina hadi tabo. Huu haupasuki kwa presha, hujikunja na kunywea ndani, ndiyo maana huwa na mbavu ngumu au waya. Ukiuwekea mpira laini wa silikoni usio na waya, ukikanyaga mafuta unajifunga kama mrija wa juisi. Wa pili ni wa upande wa moto, kutoka tabo hadi intakula. Wa tatu ni wa upande wa baridi, kutoka intakula hadi kwenye injini. Hii miwili ya mwisho ndiyo inayobeba presha.

Bari 1 inaonekana ndogo, maana hata tairi la gari dogo hujazwa mara mbili ya hapo. Lakini angalia mdomo wa bomba. Bomba la milimita 57 lina mdomo wa eneo la sentimita za mraba 25 na nusu. Kwa bari 1, hewa inasukuma mpira utoke kwenye bomba kwa nguvu ya takriban kilo 26, yaani zaidi ya nusu mfuko wa saruji, kila unapokanyaga mafuta. Bomba likiwa la milimita 63 inafika kilo 32. Kinachozuia mzigo huo ni klipu moja na ukingo mdogo wa chuma ulioinuka mwishoni mwa bomba. Ukishaiona hesabu hii utaelewa kwa nini nitaongea sana kuhusu klipu.

Kabla ya kwenda dukani, chunguza maiti

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu huchukua mpira uliokufa, wanauonyesha kwa muuzaji, wanapewa unaofanana nao, wanaondoka. Mpira mpya unakufa kifo kilekile. Ukae nao kwanza dakika kumi, uuoshe nje, uuache ndani ulivyo, uusome.

Umechomoka mzima, haujapasuka popote? Basi huenda huhitaji mpira mpya kabisa. Angalia alama ya klipu: kama ilikaa juu ya ukingo wa bomba badala ya nyuma yake, au karibu mno na mwisho wa mpira, kosa ni la ufungaji. Pitisha kidole mwishoni mwa bomba. Kama ni laini bila ukingo wowote, kama yalivyo mabomba mengi yanayochongwa mtaani, hakuna mpira duniani utakaokaa hapo kwa kilo 26. Na kama kidole kimetoka kimejaa oili, mpira ulikuwa unateleza juu ya mafuta.

Umevimba, umekuwa laini kama andazi lililolowekwa kwenye chai? Hicho ndicho kifo cha mpira wangu wa kwanza wa kubahatisha. Pale Kitonga fundi wa barabarani alinikatia kipande cha mpira wa rejeta, kikakaa vizuri sana, nikamsifu. Baada ya wiki kadhaa kilikuwa kimevimba mpaka klipu imezama ndani yake. Mipira ya rejeta mingi hutengenezwa kwa EPDM, aina inayopatana na maji ya moto na dawa ya rejeta lakini haipatani na oili. Na ndani ya mabomba ya tabo oili haikosekani, kwa sababu mvuke wa oili kutoka kwenye injini hurudishwa kwenye njia ya hewa.

Umekauka, umepata nyufa ndogondogo kama ardhi ya kiangazi, hasa karibu na tabo? Huo umekufa kwa joto na umri. Hakuna kingine cha kutafuta. Nunua wa ubora uleule wa kiwandani au zaidi.

Umepasuka mahali pamoja tu, kwenye kona au karibu na klipu, kwa mstari mmoja? Mpira umechoka kwa kupindwapindwa. Intakula iliyo mbele ya gari imefungwa kwenye bodi, injini inacheza juu ya maunti zake (vikalio vya mpira vinavyoishikilia), na mpira ulio katikati ndio unaobeba ugomvi wao. Simamisha gari, mtu aweke gia na kukanyaga kidogo huku breki zimeshikwa, wewe utazame kwa pembeni, usisimame mbele. Injini ikiruka sana, maunti zimekwisha, na hapo mpira mpya bila maunti mpya ni hasara. Magari yenye intakula juu ya injini, kama Vigo yangu na Forester, hayasumbuliwi sana na hili kwa sababu intakula na injini hutikisika pamoja.

Una kidonda cha nje, umesagika upande mmoja? Tafuta kilichokuwa kinaugusa: bracketi, waya, feni. Hicho nacho kirekebishwe.

Jambo la mwisho ni kiasi cha oili. Utando mwembamba ndani ya mpira ni kawaida kwa karibu magari yote ya tabo. Ukiinamisha mpira oili ikamwagika kama kikombe, simamisha manunuzi. Ama njia ya injini kupumua imeziba, ama tabo inavujisha oili kwenye sili zake. Kwangu ilikuwa ya kwanza: mpira wa kupumulia ulikuwa umejaa tope. Kuusafisha kulinigharimu nusu saa, na kungeniokolea mpira wa pili. Kama tabo ndiyo iliyokufa, vua intakula, iinamishe usiku kucha, ioshe na uikaushe kabisa kabla ya kufunga chochote. Huko ndani hubaki oili na pengine vipande vya chuma. Injini ya dizeli ikinyonya oili nyingi kwa mpigo inaweza kupanda mzunguko yenyewe na isizimike hata ukitoa ufunguo.

Vipimo: pima bomba, acha mpira wa zamani

Mpira uliotumika miaka kumi umeshatanuka. Ukiupima huo utanunua mkubwa. Pima kipenyo cha nje cha bomba unamoingia, ukitumia kalipa, na upime sehemu iliyonyooka nyuma ya ukingo. Kipenyo cha nje cha bomba ndicho kipenyo cha ndani cha mpira. Huna kalipa? Zungushia uzi, pima urefu wake kwa rula, gawa kwa 3.14.

Pima ncha zote mbili. Wengi hupima moja. Mdomo wa tabo na mdomo wa intakula mara nyingi havilingani, na hapo unahitaji mpira unaopungua, kwa mfano wa milimita 51 kwenda 57. Vipimo vinavyopatikana kwa urahisi kwenye silikoni za kuuzwa kwa jumla ni 51, 57, 60, 63, 70 na 76. Ukikosa cha kwako usikubali kubanisha kikubwa kwa klipu. Tofauti ya milimita moja unaweza kuivumilia, lakini mpira uliozidi kwa milimita tatu hujikunja chini ya klipu, na kila mkunjo ni njia ya hewa.

Kisha urefu. Kila ncha ya mpira iingie kwenye bomba milimita 25 hadi 40. Kama mpira unaunga mabomba mawili ya chuma, acha nafasi ya kama milimita 10 katikati yake ili yasigongane, lakini usiache pengo refu la mpira mtupu. Pengo refu hufura kila tabo inaposukuma.

Kona ni mtihani mwingine. Mpira wa kiwandani umefinyangwa kwa umbo lake, wakati mwingine una kona mbili zinazoelekea pande tofauti. Usidhani mpira mnyooka utapindwa tu ukae. Ukipindwa, upande wa ndani wa kona hujikunja na kuziba njia. Kata karatasi gumu au pinda waya mnene ufuate njia yote kutoka mdomo hadi mdomo, uende nao dukani. Kona za kununua huwa za nyuzi 45, 90 na 135, na umbo gumu unaweza kuliunda kwa kona mbili na kipande cha bomba katikati. Mimi sipendi njia hii nikiweza kuikwepa, maana kiungo kimoja kimegeuka kuwa viwili, na klipu mbili zimekuwa nne.

Je, nitanue njia kidogo ili gari lipate nguvu? Swali hili huulizwa sana na vijana wa Subaru. Kwa injini ambayo haijaguswa, hapana. Bomba nene huongeza nafasi ambayo tabo lazima iijaze kwanza kabla hujasikia chochote mguuni. Baki na kipimo cha kiwandani.

Mpira wenyewe umetengenezwa kwa nini

Muuzaji atakuambia "huu ni silikoni, haufi". Ni kweli silikoni inastahimili joto la kazi la nyuzi 170 hadi 180, haikauki haraka, na inadumu kuliko mpira wa kawaida. Ina udhaifu mmoja ambao hataji: oili inaipenya. Mpira wangu wa pili ulikuwa wa bluu, unang'aa, rafiki zangu wote waliufungulia boneti kuutazama. Baada ya miezi michache ulikuwa unatokwa jasho la oili upande wa nje, vumbi likashika juu yake, na ndani tabaka zilianza kuachana. Ulikuwa silikoni nzuri. Haikuwa na bitana.

Silikoni inayofaa kwa tabo yenye oili ni ile yenye bitana ya fluorosilikoni, utando wa ndani unaozuia oili na mafuta. Ukiiangalia mdomoni utaona mara nyingi rangi mbili, ya nje na ya ndani. Rangi peke yake si ushahidi, kwa hiyo uliza maelezo ya mtengenezaji. Upande wa moto na kwa dizeli, mimi sinunui silikoni isiyo na bitana. Upande wa baridi wa gari la petroli lisilo na oili nyingi, silikoni ya kawaida inatosha.

Mipira ya kiwandani ya tabo mara nyingi si silikoni kabisa. Hutumia mpira wa aina ya AEM au ACM, ambayo inakubaliana na oili na huvumilia joto la kazi la nyuzi 150 hadi 170 hivi. Ni myeusi, haina mvuto wa kupiga picha, na kwa gari linalotumika kila siku ndiyo ninayoichagua kwanza nikiipata halali. Mpira wangu wa tatu ni wa namna hiyo, na bado upo.

Hesabu tabaka kwenye ukingo uliokatwa. Ndani ya unene wa milimita 4 hadi 5 utaona nyuzi za kitambaa. Tabaka tatu zinatosha kwa presha ya gari la kawaida, nne ni bora kwenye kona na upande wa moto. Kitambaa cha poliesta ni cha kawaida, cha aramidi huvumilia joto zaidi. Usipoona kitambaa chochote, huo ni mrija.

Utakuta mipira mingi imeandikwa SAE J20 kama sifa kubwa. Hicho ni kiwango cha mipira ya mfumo wa kupozea injini, yaani maji. Hakisemi chochote kuhusu oili ndani ya bomba la tabo.

Mabomba magumu

Bomba la chuma au alumini likipasuka, jaribu kulirudisha kama lilivyokuwa kabla ya kufikiria kulibadilisha. Alumini ya unene wa milimita 1.5 hadi 2 ni nyepesi na haipati kutu. Bomba la chuma cha kawaida lililochomelewa mtaani linashika kutu ndani, na ile kutu safari yake ni kwenye silinda, maana ea klina imeshapitwa. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri ila kizito. Chochote utakachochomelea, dai ncha zenye ukingo ulioinuka, na usafi wa ndani: vipele vya kuchomelea vipigwe brashi, bomba lipulizwe na lioshwe kabla halijagusa injini.

Baadhi ya magari yana mabomba ya plastiki. Kwenye baadhi ya Subaru bomba la plastiki linaloleta hewa kwenye intakula hupata ufa unaoonekana tu injini ikiwa na presha. Gundi haikai hapo, badilisha. Na kwenye Volkswagen na Audi nyingi bomba halishikwi na klipu ya kukaza, linajifunga kwa klipu ya waya na kuzibwa na oringi (pete ya mpira). Likivuja, badilisha oringi kwanza. Nimeona mtu akinunua bomba zima kwa ajili ya oringi iliyokuwa imekauka.

Klipu

Ukiwa na bajeti ya mpira mzuri na klipu mbovu, au mpira wa kati na klipu nzuri, chukua ya pili.

Klipu za bisibisi zenye mashimo yaliyotobolewa kwenye mkanda, zile zinazouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, hukata silikoni. Ukikaza, silikoni hutokeza kwenye mashimo kama nyama kwenye mashine ya kusaga. Kwa mpira mweusi mgumu zinavumilika, kwa silikoni tafuta zenye mkanda mzima ndani.

Klipu za bolti, zenye mkanda mpana na nati pembeni, ndizo zinazoshika vizuri kwenye presha. Kosa linalorudiwa ni la kipimo: watu huagiza klipu ya 51 kwa mpira wa 51. Klipu huvaliwa juu ya mpira. Mpira wa ndani 51 wenye ukuta wa milimita 5 una nje milimita 61, kwa hiyo klipu iwe na uwezo wa, tuseme, 59 hadi 67, ili 61 iangukie karibu na mwanzo wa uwezo wake. Klipu kubwa mno ikikazwa mpaka mwisho hupoteza umbo la duara na kubana pande mbili tu.

Klipu za springi za kiwandani zisidharauliwe. Mpira ukipata joto hutanuka, ukipoa husinyaa, na springi huufuata. Kama zako hazijalegea na mpira mpya una unene uleule wa zamani, zirudishe. Zipo pia klipu za bolti zenye springi, zinazounganisha sifa zote mbili, na kwa silikoni upande wa moto ndizo bora nilizowahi kutumia.

Dukani

Nenda na vitu vitatu: mpira wa zamani, waya wa umbo, na namba ya chasisi. Namba ya chasisi ndiyo inayotoa namba halisi ya spea kwa mwaka na injini yako. "Vigo" au "Forester" peke yake haitoshi, mipira hutofautiana kati ya matoleo. Mara nyingi namba ya spea imechapwa kwenye mpira wenyewe, ifute vumbi uipige picha.

Kariakoo na Gerezani kwa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kwa Nairobi, Kisekka kwa Kampala: popote utakapoingia utaoneshwa mpya wa kiwandani, mpya wa kampuni nyingine, na wa mtumba kutoka kwenye gari lililokatwa. Bomba gumu la mtumba nalichukua bila wasiwasi nikishalikagua nyufa. Mpira wa mtumba sichukui, hata ukiwa unang'aa kwa polishi. Umeshakula joto la miaka ambayo huijui, na ile polishi ndiyo inaficha nyufa.

Mpira mpya ubonyeze kwa vidole viwili. Unatakiwa ukatae kidogo, kisha urudi mara moja. Ukilala kama tyubu ya baiskeli, kuta ni nyembamba. Ingiza kidole ndani upapase: pawe laini, pasiwe na uvimbe wala kitambaa kinachogusika. Angalia mdomo kama ni duara na unene ni sawa pande zote. Uupinde utazame nyufa za juu kwenye kona, kwa sababu mpira mpya uliokaa rafuni miaka mingi nao huzeeka. Kisha toa kalipa mbele ya muuzaji na upime. Wengine huudhika, mvumilie.

Kufunga

Injini iwe imepoa. Funika mdomo wa tabo kwa kitambaa safi mara tu unapovua mpira. Nati ikidondoka humo, gharama ya mpira itaonekana mchezo.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote ni kusafisha. Futa ncha za mabomba na ndani ya mdomo wa mpira kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke cheupe, uache pakauke. Usipake grisi, wala oili, wala gundi ya silikoni ya kuzibia gasketi. Ukishindwa kuuingiza, lowesha kwa maji kidogo. Wanaoshindana magari hutumia dawa ya nywele ya kupuliza: ikiwa mbichi inateleza, ikikauka inanata. Nimeijaribu, inafanya kazi, ingawa mke wangu alitaka maelezo.

Geuza mpira mpaka ukae bila kulazimishwa. Mipira mingi ya kiwandani ina alama ya rangi au mshale wa kulinganisha na alama kwenye bomba. Klipu ikae nyuma ya ukingo, milimita 3 hadi 5 kutoka mwisho wa mpira, na bolti yake ielekee mahali ambapo spana itafika siku nyingine. Kaza mpaka mpira usizunguke kwa mkono, kisha kidogo tu. Silikoni ikianza kutokeza pembeni mwa mkanda, umezidisha. Endesha siku moja, acha ipoe, ukaze tena, halafu uitazame tena baada ya kilomita mia moja hivi.

Kupima kama panavuja

Usikubali jibu la "sasa iko poa, kaijaribu barabarani". Chukua kipande kifupi cha bomba la PVC chenye kifuniko upande mmoja, toboa kifuniko, mtu wa pancha akutilie valvu ya tairi la tubeless. Chomeka kwenye mpira wa kunyonya wa tabo, baada ya kihisio cha hewa, funga klipu, ziba kwa muda mpira wa kupumulia wa injini. Jaza upepo polepole mpaka bari 0.5, usizidi 0.7. Simama pembeni, kwa sababu kifuniko kikichomoka kinaruka kama risasi. Kisha nyunyizia maji ya sabuni kila kiungo, hata vile ambavyo hukuvigusa, na kwenye maplastiki ya pembeni mwa intakula. Mapovu yanapofura ndipo panapovuja. Upepo kidogo ukisikika kwenye ekzosi, hiyo ni valvu iliyo wazi kwenye silinda mojawapo, ni kawaida.

Mwenye kompyuta ya kupimia akikuta namba ya hitilafu P0299, maana yake tabo haifikishi presha inayotakiwa. Kipimo hiki cha sabuni kifanyike kabla hajakuuzia tabo. Kwa magari ya petroli yenye kihisio cha hewa, kama Forester, uvujaji una dalili nyingine: hewa imeshahesabiwa, inapotelea njiani, kompyuta inamwaga petroli kwa ajili ya hewa ambayo haikufika. Utanusa petroli mbichi na mafuta yatakwisha haraka kabla hata hujasikia gari limechoka.

Ukikwama njiani

Weka kwenye gari klipu mbili za kipimo chako, bisibisi, na mkanda wa tyubu ya tairi wa upana wa sentimita tatu na urefu wa mita mbili. Mpira ukichomoka, futa oili, urudishe, kaza. Ukipasuka, zungushia tyubu kwa kuivuta kwa nguvu zako zote, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, kisha funga klipu juu ya kidonda. Endesha kwa mguu mwepesi, mzunguko wa injini usipite 2,000, na mlimani shuka gia mapema badala ya kukanyaga.

Usiendeshe mpira ukiwa umechomoka wazi, hata kama dizeli inakubali kutembea. Upande wa injini unanyonya vumbi lote la barabara bila kuchujwa, na tabo isiyo na cha kusukuma huzunguka kupita kiasi chake. Malori ya Kitonga yananipita hadi leo nikisimama kufunga tyubu ya mtu mwingine pale kwenye kona ya chini. Kila mara namwomba kwanza anioneshe klipu yake.